Malori Yanalala Saa Ngapi?

Jumanne, 8 Aprili 2025

Mudiri ameniita asubuhi, akanionyesha chaja kwenye simu yake. Kilowati 360, nyeupe, ina kioo kikubwa cha kuonyesha namba. Anataka mbili, zisimame langoni ambapo kila mgeni atazipita. Malori kumi ya umeme ya kuvuta makontena yameshaagizwa, vichwa tu, trela tunazo. Kazi niliyopewa ni kusema kama yadi iko tayari au haiko.

Nikamwuliza malori yanalala saa ngapi. Akasema mimi ni fundi wa umeme, habari za kulala niwaulize madereva. Haya, nitawauliza.

Usiku huu nimepiga hesabu nyuma ya risiti. Chaja mbili za kilowati 360 zikifanya kazi pamoja, ukijumlisha na kinachopotea njiani kwa joto, zinavuta zaidi ya ampea 1,000 kwa kila fezi. Transfoma yetu ni ya kVA 1,000. Kwa volti 415, ikijazwa pomoni, inatoa ampea 1,390 hivi, na kwa joto la hapa Doha hakuna mwenye akili anayeijaza pomoni. Kwa hiyo malori mawili yakichaji, karakana izime mashine zake na ofisi zikae na joto.

Hilo la transfoma ndilo watu hulikimbilia kwanza. Kwangu ni la pili. La kwanza ni saa: lori linarudi saa ngapi, linaondoka saa ngapi, na katikati hapo limekula kiasi gani.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimefunga mita ya kurekodi kwenye paneli kuu, koleo moja la kupimia kwa kila fezi. Itakaa hapo wiki nzima ikiandika. Mimi nimezunguka yadi na daftari.

Wasioijua Sanaiya, mtaa wa viwanda ilipo yadi yetu, hudhani ni viwanda vitupu. Viwanda vipo, lakini zaidi ni mitaa ya namba, mmoja baada ya mwingine, iliyojaa magereji, maghala, maduka ya vipuri, mitambo ya zege na kambi za watu. Machi 2020, mtaa wa 1 hadi wa 32 ulipofungwa kwa ajili ya korona, dunia iliutazama upande huu wa Doha kidogo, kisha ikageuza uso. Yadi yetu ina karakana yenye mashine za kulehemu na kompresa, chumba baridi, ofisi, tangi la dizeli upande wa kaskazini, na nyuma kabisa kambi ya madereva na walinzi. Vyote vinanyonya transfoma ile ile moja. Kambi ndiyo inayonitia shaka.

Jioni nimeketi na madereva barazani kwao. Wengi ni Wapakistani na Wanepali. Yupo Mtanga mmoja, tukikutana Kiswahili hakituishi. Habari za malori kulala nimezipata hivi: kazi kubwa ni makontena ya Bandari ya Hamad. Kwenda na kurudi hakufiki kilomita 100, na lori huenda mara mbili kwa siku. Hutoka saa kumi na moja alfajiri, hurudi kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku. Yapo yanayokwenda mpaka wa Abu Samra kuingia Saudia, ila hayo si katika kumi yanayokuja.

Mzee mmoja wa Kipashtuni aliingilia hapo. Alikuwa akiendesha njia ya Abu Samra hadi Juni 2017, mpaka ulipofungwa ghafla, na mizigo mingi iliyokuwa ikipita nchi kavu ikahamia baharini, Hamad. Ulifunguliwa tena Januari 2021. Anasema lori halina njia ya kudumu, tusijenge chaja za njia ya leo pekee. Nimeyaandika maneno yake pembeni ya mchoro.

Hesabu yenyewe. Lori la trela lenye mzigo hula kama kilowati-saa 1.3 kwa kilomita. Kilomita 180 kwa siku ni 234. Ongeza kiyoyozi cha kabini, kupoza betri, na hasara ya chaja, fanya 260. Lori linakaa yadini saa tisa walau. 260 gawanya kwa tisa: kilowati 29. Si 360. Ishirini na tisa! Malori kumi yote yakichaji polepole usiku kucha yanataka chini ya kilowati 300 kwa pamoja, pungufu ya chaja moja ya mudiri.

Nilipowaeleza, Mtanga akauliza swali ambalo halimo katika kitabu chochote cha mtengeneza chaja: "Kwani fundi, zikiwa chaja mbili na magari kumi, nani atashuka kitandani saa saba usiku kuhamisha gari?"

Wote wakacheka, wakanyamaza, maana kila mmoja alijua ni nani.

Ijumaa, 18 Aprili

Siku ya mapumziko. Baada ya sala nimempigia Kaka, yuko Miritini kwa tajiri mmoja wa malori. Nilimweleza habari za huku akashangaa: "Nchi ya mafuta, stima ya malori ya nini?" Swali zuri. Dizeli hapa ni kama riyali mbili lita. Kwetu Mombasa ni shilingi 160 na ushei. Ukitazama mfuko peke yake, lori la umeme lina sababu kubwa zaidi Miritini kuliko Doha.

Na umeme wenyewe kwetu una usiku wake. Olkaria mvuke hutoka ardhini mchana na usiku, lakini usiku wa manane Kenya imelala, hakuna wa kuutumia, mvuke mwingine huachiwa hewani bure. Ndiyo maana EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ilipopanga bei mwaka 2023 iliwatengea wenye vyombo vya umeme bei yao, shilingi 16 kwa uniti, na 8 kwa saa zile ambazo mzigo ni mdogo, kabla ya kodi na tozo. Shilingi nane! Nikamwambia Kaka, huo ni mlango umeachwa wazi.

Akanirudisha chini. Lori la Nairobi halirudi Miritini usiku. Linalala Mtito Andei, linalala Emali, linalala kwenye foleni ya mizani Mariakani. Kutoka bahari hadi Nairobi ni kilomita karibu 480, na ni kupanda. Chaja ya yadini haimsaidii dereva aliyeko Voi. Na stima ikipotea nchi nzima kama ile Agosti 2023?

Ni kweli. Lakini si malori yote yanakwenda Nairobi. Yapo yanayozunguka tu: Kilindini, Changamwe, Miritini, Mikindani, kutoa kontena bandarini na kulifikisha yadi ya makontena, kurudi, kwenda tena. Na kule Embakasi, Nairobi, vilevile, kati ya bandari kavu na maghala. Hayo yanalala nyumbani kila siku, na safari zao ni fupi kuliko zetu za Hamad. Mtu akitaka kuanza kwetu aanzie hapo, barabara kuu ingoje. Nimemwomba Kaka aangalie kwenye transfoma ya tajiri wake imeandikwa kVA ngapi. Hajui iko wapi. Amesema ataitafuta Jumatatu.

Jumatatu, 28 Aprili

Mita imesema. Mchana kilele ni kVA 470, saa nne asubuhi, karakana ikiwa imewaka yote. Usiku ni 150 tu. Mudiri alipoona 150 alifurahi: transfoma ya 1,000, usiku inatumika 150, basi ipo nafasi ya chaja zake.

Nikamwambia hii ni Aprili. Usiku wa Aprili watu wanalala madirisha wazi. Atazame bili za Julai mwaka jana. Wanaoandika vitabu vya kazi hii wengi wako Ulaya, na kwao usiku ni wakati umeme haujulikani upeleke wapi. Hapa kiangazi usiku haupoi. Kambi ya watu, kila chumba na kiyoyozi chake, saa nane usiku inavuta kama saa nane mchana, pengine zaidi, maana mchana wenyewe wako kazini. Nitarudia kupima Julai. Kwa sasa nimeweka kikomo: transfoma isipite asilimia 80, yaani kVA 800, kwa ajili ya joto.

Nimekumbuka Lusail. Mwaka 2022 nilikuwa miongoni mwa waliovuta kebo kwenye kituo cha mabasi ya umeme, kile kilichoingia kitabu cha Guinness Oktoba ile kuwa kikubwa kuliko vyote duniani: nafasi 478, na paneli za jua 11,000 juu ya paa. Mabasi ya Yutong ya Kombe la Dunia yalilala pale. Ile ilikuwa kazi ya raha kwa upande mmoja: kilijengwa kwenye ardhi tupu, kwa ajili ya mabasi na mabasi tu. Basi linarudi saa yake, linasimama mahali pake, tundu la chaja liko upande ule ule. Na umeme uliletwa kwa kiasi cha kazi, si kazi kubanwa na umeme uliokuwepo.

Sisi tunapachika jambo jipya kwenye yadi kuukuu yenye tangi la dizeli, matairi mabovu na mbuzi wa mlinzi. Hiyo ndiyo hali ya watu wengi. Natamani wanaopiga picha Lusail wangekuja kupiga na huku.

Jumatano, 14 Mei

Leo tumecheza na koni. Nimechora nafasi za malori kwa chaki juu ya lami, nikamwomba Mtanga alete lori la dizeli na trela ya futi 40 aingize kinyumenyume, kisha mbele, kisha kinyumenyume tena. Kichwa na trela pamoja ni kama mita 16 na nusu, na kinapogeuka kinataka mita kumi na mbili na nusu upande wa nje. Mchoro wa mwanzo, wa yule aliyetaka kuuza chaja, uliweka nafasi zote kumi ukutani upande wa kusini. Lori la kwanza liliingia vizuri. La tatu lingelazimika kupanda ofisi.

Kisha tundu. Katika haya yanayokuja liko kushoto, nyuma ya kabini. Katika mengine sokoni liko kulia, au mbele kabisa. Kebo ya chaja ina mita tano hivi na ni nzito. Hutaki dereva aburute kebo kupita chini ya trela, wala ipite njia ya watu. Kwa hiyo nafasi tumezilaza mshazari, lori linaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili bila kurudi nyuma wala kuachia trela. Chaja inasimama kati ya nafasi mbili, juu ya msingi wa zege uliopanda sentimita 30. Wengine wanasema huo urefu ni anasa, jangwani kuna maji gani? Walikuwa wapi Oktoba 2018, mvua ya mwaka mzima iliposhuka siku moja na magari kuelea njiani?

Nguzo nene za chuma zimezunguka kila chaja. Si za urembo. Yadi hii haina ukuta ambao trela haijaubusu.

Tangi la dizeli ndilo lililokula muda. Nafasi nzuri kuliko zote kwa kugeukia ziko pembeni yake. Nimekataa. Betri ya lori ikishika moto haizimiki kwa ndoo. Inataka maji mengi kwa saa nyingi, na gari la zimamoto la Difaa Madani lipate njia ya kuifikia pande mbili. Malori yatakaa upande wa pili wa yadi, hata kama kebo itaongezeka mita 70. Mudiri alipiga hesabu ya hizo mita 70, akakunja uso. Basi tuhamishe tangi, nikasema. Akakunja zaidi.

Mwishowe amekubali hivi: chaja kumi ndogo za kilowati 40, za mkondo mnyoofu, moja kwa kila lori. Kila dereva anarudi, anachomeka, anakwenda kuoga. Hakuna wa kuamshwa. Na langoni, chaja moja kubwa, si ya 360 bali 180, kwa lori lililochelewa au litakaloongezewa safari mchana. Kioo kikubwa anakipata. Nadhani kwake hicho ndicho kilikuwa shina la mambo.

Aliniuliza pia habari za ile chaja ya megawati aliyoisoma. Ipo, kipimo chake kilitangazwa Oslo mwaka 2022, volti 1,250 na ampea 3,000, yaani kilowati 3,750, transfoma zetu tatu na robo tatu kwa lori moja. Imetengenezwa kwa dereva wa Ulaya ambaye sheria inamtaka apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, na lori linywe katika dakika hizo hizo. Safari zetu hazina mapumziko ya namna hiyo. Zina usiku.

Jumapili, 1 Juni

Leo marufuku ya kazi za juani imeanza, mpaka 15 Septemba: kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri hakuna mtu kufanya kazi nje. Na saa yoyote ile, kipimo cha joto na unyevu kikipita 32.1, kazi inasimama. Kwa hiyo mfereji tunauchimba kuanzia saa kumi alfajiri. Chini ya lami ni mwamba wa chokaa, hakuna koleo; ni nyundo ya mashine na vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi.

Mfereji ndio moyo wa kazi nzima, na hakuna mgeni atakayeuona. Kebo tuliyochagua ina ampea zake kitabuni, lakini kitabu kinadhani udongo una nyuzi 20. Hapa, kina cha karibu mita moja, kiangazi udongo unafika 35 na kupita. Ziweke kebo kadhaa mfereji mmoja zipashane moto, na uwezo unapungua robo, hata theluthi. Kisha kuna jambo ambalo mafundi wa karakana hawalizoei: mashine ya kulehemu inavuta na kuacha, kebo inapata kupumua. Chaja haziachi. Saa saba, saa nane mfululizo kila usiku. Mchanga unaoizunguka kebo unakauka, na mchanga mkavu ni blanketi, joto halitoki. Nimeongeza unene wa kebo daraja moja, nikaagiza mchanga maalum wa kufukia badala ya kifusi kilichochimbwa.

Na mabomba matupu. Mfereji umechimbwa wa kebo za malori kumi, lakini nimelaza mabomba ya malori thelathini, yenye kamba ndani ya kuvutia kebo siku ikifika. Bomba ni bei rahisi. Kinachogharimu ni nyundo, na watu wa kuishika saa kumi alfajiri. Mhasibu aliuliza kwa nini tunanunua mabomba ya kuwekea hewa. Nikamwomba aje aone mwamba. Hakuja.

Pembeni mwa barabara nimeacha kipande cha ardhi kitupu, nikakichora kwa rangi nyekundu kwenye ramani: pasijengwe kitu. Malori yakizidi ishirini, transfoma hii haitatosha kwa hila yoyote. Tutahitaji umeme wa volti 11,000 kutoka kwa shirika la umeme, Kahramaa, na chumba chake, chenye mlango wa barabarani ili mafundi wao waingie bila kuomba ufunguo. Asiyeiacha nafasi hiyo leo atakuja kubomoa kesho.

Jumamosi, 7 Juni

Siku ya pili ya Idi. Pilau kwa Waswahili wa Asian Town, kisha kahawa, kisha siasa za Mombasa. Hakuna kazi, hakuna hesabu.

Jumanne, 24 Juni

Jana kati ya Magharibi na Isha mbingu iliwaka. Makombora ya Irani kuelekea kambi ya kijeshi ya Al Udeid, na yale yaliyorushwa kuyazuia. Sanaiya iko upande huo huo wa mji, mabati ya karakana yalitetemeka. Watu wote wa kambi walitoka nje wakitazama juu, simu mkononi, kila mtu akiongea na mama yake. Wangu alipiga kabla sijampigia. Anga ilikuwa imefungwa, ikafunguliwa usiku ule ule. Asubuhi malori yalikwenda Hamad kama kawaida.

Lakini barazani alfajiri mwenye ghala aliuliza, si kwa utani: umeme ukikatika siku tatu, malori ya umeme yatatokaje? Nimefikiri juu ya hilo siku nzima. Tangi la dizeli lilikuwa akiba na hatukulijua kuwa ni akiba. Jenereta yetu ya karakana ni ya kVA 250. Nimebadilisha mchoro: chaja ndogo nne zitafungwa kwenye swichi ya kuhamishia jenereta, ili malori manne yatoke hata mji ukiwa gizani. Na nimemshauri mudiri asiyauze malori yote ya dizeli yatakayobadilishwa. Abakize matatu. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili hakubishana nami.

Jumapili, 13 Julai

Mita ya Julai imetoka, na ni jambo jingine kabisa.

Usiku wa manane ambao Aprili ulikuwa kVA 150, sasa ni 380. Viyoyozi vya kambi na chumba baridi. Hilo nililitarajia. Sikutarajia jioni: saa moja hadi saa nne usiku mzigo ni 610, juu kuliko kilele cha asubuhi ya Aprili. Nikatoka nje kuangalia kwa macho, nikaona. Marufuku ya mchana imehamisha kazi. Uchomeleaji wote wa trela unaofanyika uwanjani, ambao miezi mingine ni wa mchana, sasa huanza jua likizama. Sheria ya kumlinda mtu na jua imebadilisha saa za transfoma, na ni sawa ibadilishe. Mzigo utamfuata mtu, si mtu kuufuata mzigo.

Basi kikomo ni 800. Jioni inabaki 190, yaani chaja zinapata kama kilowati 175 tu kwa pamoja. Malori yakirudi saa moja yote yakachomekwa na kila chaja ikavuta 40, tunaruka mpaka juu ya kikomo, na swichi kuu itakata umeme wa kambi nzima katikati ya Julai. Nisingependa kuwa fundi wa usiku huo.

Dawa ni kidhibiti mzigo. Kinasoma mita ya paneli kuu kila sekunde chache na kugawa kilichobaki. Saa moja hadi saa nne usiku: kilowati 175 kwa malori kumi, polepole, jumla 525. Saa nne uchomeleaji ukiisha inabaki kVA 420, chaja zinapanda. Kuanzia hapo mpaka alfajiri ni muda wa saa saba; hata kwa kilowati 300 tu, ni 2,100. Jumlisha: 2,625. Mahitaji ni 2,600. Inabana, lakini inaingia, na kidhibiti kikipewa ruhusa kinaweza kufika karibu 390 ikiwa lori moja limerudi tupu. Nimesisitiza kipengele kimoja kwenye agizo: kidhibiti kikipoteza mawasiliano na mita, chaja zishuke zenyewe hadi kiwango cha chini, zisipande.

Bila kununua transfoma. Mudiri alisoma mstari huo mara mbili.

Jua nalo. Kila mtu anayeingia yadini anasema wekeni paneli, nchi hii ni jua tupu. Nimepiga. Paa la kivuli juu ya nafasi kumi ni kama mita za mraba 800, paneli za kilowati 160, na kwa jua la hapa zitatoa kama theluthi ya kinacholiwa na malori kwa mwaka. Theluthi nzuri. Ila hutoka mchana, malori yakiwa Hamad. Vitakavyofaidi ni karakana na viyoyozi. Mimi nataka paa hilo kwa sababu nyingine: kivuli. Chaja nyingi huanza kupunguza nguvu joto likipita nyuzi 40 na kitu, na sanduku la chuma lililopigwa na jua kutwa huwa na joto lake mwenyewe hata usiku ukiingia. Na vumbi la upepo wa shamali. Vichujio vya feni nimeviandikia kusafishwa kila wiki, jina la mtu limeandikwa, maana kazi isiyo na jina haina mwenyewe.

Ijumaa, 25 Julai

Kaka ametuma picha. Transfoma ya tajiri wake Miritini ameipata, imo nyuma ya choo, kVA 315, kibao chake kimeshika kutu lakini kinasomeka. Malori ya bandarini wanayo sita. Anasema hurudi saa tatu usiku, hutoka saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa meli ikiwa imetia nanga siku hiyo, hapo hayalali kabisa. Nimemwambia aanze na hilo la meli, aandike kwa mwezi mzima kila lori linaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi, kwa kalamu, kwenye daftari la mlinzi. Mita ya kurekodi nitakuja nayo Desemba nikienda likizo.

Huku makaratasi yako kwa mkandarasi mwenye leseni, ndiye anayepeleka Kahramaa, maana hata kama transfoma ni ile ile, mzigo ulioongezwa unataka idhini na michoro. Zege la misingi limekauka. Malori hayajafika.

Kesho alfajiri, kabla ya jua, rangi: mistari ya njano ya nafasi kumi za mshazari, mishale ya kuingilia, na namba kubwa zinazosomeka kutoka kwenye kabini. Mtanga ameshaweka oda ya nafasi ya saba, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na bafu.